Aliyesikiliza Mitungi

Kabla ya kuonja pombe yake alikuwa anaisikiliza. Alipiga magoti kando ya mtungi, akaondoa ungo uliofunika, akainamisha kichwa mpaka sikio la kushoto likawa juu kabisa ya mdomo wa mtungi, kisha akatunyooshea mkono sisi tuliokuwa uani, tunyamaze. Tulinyamaza, hata wazee ambao nyumbani kwao hawakunyamazishwa na mtu. Mtungi ulikuwa na sauti yake, vipovu vidogo vidogo vinavyopasuka chini kwa chini, sauti ambayo mimi nilihitaji kiangazi kizima kuisikia. "Bado wanagombana humo," alikuwa akisema, na kufunika. Au siku nyingine: "Wamepatana. Leteni kata."

Samuye nzima walimwita Mpishi, ingawa chakula chake pekee nilichowahi kula ni matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na hata hayo yalikuwa magumu. Alipika pombe. Mtu wa mjini angemwita mama pima na angejuta, kwa sababu mama pima anauza gongo, na Mpishi alilichukia gongo. Alisema gongo ni moto uliotiwa kwenye chupa na mtu mvivu. Mimi nilimwita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma cha kubahatisha, maana nilikuwa mgeni. Nilitoka Ushirombo, Msumbwa, mwalimu kijana mwenye suruali mbili, nikapangiwa shule ya hapo mwanzoni mwa miaka ya sabini. Uani kwake na dirisha la darasa langu palitenganishwa na uzio wa minyaa tu.

Naandika habari zake sasa nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye wakati ule. Ningeziandika zamani kama nisingekuwa na aibu.

Kiangazi ndicho kilikuwa msimu wake. Mtama ukishavunwa na kupurwa, upepo wa mwezi wa sita ukianza kuzungusha vumbi, wanawake wengine walipumzika na yeye ndipo alipoanza. Aliloweka mtama, akaufunika kwa magunia mpaka ukaota, akauanika, akautwanga ukawa kimea. Aliuonja katika kila hatua. Angeweza kukuambia kimea hiki kilikaa juani nusu siku zaidi ya kile, na ukibisha anakutafunisha punje ya hiki na punje ya kile mpaka ukubali. Wapishi wengine pale kijijini walipika pombe moja. Yeye alikuwa na mitungi mitano ukutani, na kila mmoja una yake: uwele, mtama mweupe, mtama mwekundu, ulezi, na mwisho wanzuki, pombe ya asali. Komoni ya pumba za mahindi alipika mara moja tu nikimjua, kwa ajili ya harusi ya watu aliosema hawana ulimi.

Hukuweza kuingia kwake ukachagua. Ulianza na uwele, ambao ni mwepesi na una uchungu kidogo nyuma ya koo. Halafu mtama mweupe. Halafu mwekundu, mzito, mchachu, unaoacha unga kwenye masharubu. Katikati ulitafuna karanga na kusukutua kwa maji. Asali ilikuja mwisho kabisa. "Ukianza na asali, mwalimu, ulimi unakuwa mjinga, hausikii tena kitu kingine," aliniambia siku niliponyoosha mkono kwenye wanzuki kwanza, na akanipiga kofi mkononi mbele ya watu. Alitufumbisha macho pia. Wanaume wazima, wafugaji wenye ng'ombe wasiohesabika, wamekaa kwenye magogo na macho wameyafumba, wanabishana kama hii ni ya juzi au ya jana. Nimekunywa bia nyingi tangu wakati ule, za chupa na za kopo, na sijaona tena watu wanaokunywa kwa heshima namna ile.

Mtu mwenye njaa hakumuuzia. Alikutazama tumboni, akakuuliza umekula nini, ukidanganya anajua. Walevi hakuwapenda hata kidogo, na walevi ndio waliokuwa wakimlisha. Nilimuuliza habari hiyo akasema yeye anapika pombe, kulewa wanapika wenyewe.

Alikuwa na kiburi chake, nisimpake mafuta. Kijana mmoja aliyekuwa na kazi kwenye almasi huko Songwa alimletea chupa ya bia ya kiwandani, ili amwoneshe kitu cha kisasa. Mpishi aliifungua, na kabla ya kunywa akaiweka sikioni. Tulikufa kwa kicheko. Akasikiliza kwa makini kabisa, akasema, "Hii inapiga kelele nyingi halafu haisemi kitu." Maneno yale yalizunguka kijiji mwaka mzima. Jambo ambalo kijiji hakikujua ni kwamba alimwomba yule kijana amletee nyingine, na nyingine, na kwamba kila mwisho wa mwezi alijifungia ndani na chupa moja peke yake. Niligundua kwa sababu chupa tupu alinipa mimi nimjazie asali.

Asali ilikuwa kazi yangu. Nyumbani kwetu Ushirombo watu wanatundika mizinga porini, na kila likizo ya mwezi wa sita nilirudi na dumu dogo. Alinilipa kwa kunifundisha. Alinipa kimea kidogo na mtungi mdogo, akaniambia nikapike mwenyewe kwenye nyumba ya mwalimu. Siku ya saba nilimpelekea. Alisikiliza, akaonja, akatema.

"Maji ya wapi haya?"

"Ya kisimani, mayu."

"Ya lambo," alisema. "Mwalimu, umeninywesha mkojo wa ng'ombe." Kisha akainua kidole kama mimi ninavyoinua chaki, akaiga sauti yangu ya darasani, ile aliyoisikia kila asubuhi kupitia minyaa: "Rudia!"

Watu wa uani walianguka chini. Tangu siku hiyo neno lile likawa letu sisi wawili. Nikipeleka mtungi mbaya, "Rudia!" Nikimsalimia kwa Kisukuma kilichopinda, "Rudia, mwalimu!" Nilirudia kupika mara sita kabla hajameza pombe yangu, na siku aliyomeza hakunisifu, alisema tu, "Wabeja," yaani asante, akaomba tena. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama lile ombi.

Sasa niseme habari ya macho yake, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Yalikuwa mekundu. Alikaa kwenye moshi wa kuni tangu ujana wake, na moshi uliyafanya yawe mekundu daima, yenye machozi pembeni. Mahali pengine hilo ni ugonjwa wa macho. Kwetu kule, mwanamke aliyezeeka na macho mekundu alikuwa anatembea na hatari, na kila mtu aliijua bila kuitaja. Wako waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Yeye mwenyewe alijua. Alikuwa akinawa uso kwa maji baridi kila anapokwenda misa, na kanisani aliinamisha kichwa kuliko waumini wengine wote, nikadhani ni uchaji.

Kilichomlinda ni ile desturi ya kuonja. Mwenye pombe anaonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, ili ijulikane hamna kitu ndani. Kila nyumba ilifanya hivyo, lakini Mpishi aliifanya kama padri anavyofanya kazi yake: alisimama, akainua kata usawa wa kifua watu waione, akanywa, akangoja kidogo, ndipo akampa mgeni. Funda moja linatosha. Ukishaonja umemaliza, hakuna anayeuliza tena. Kumwambia aliyeonja aonje tena mbele ya watu ni kumwambia hukumwona akimeza. Hilo nalo kila mtu alilijua, na mimi nilikuwa nimelijua miaka mitano.

Mwezi wa nane, mwaka wangu wa tano pale, kijiji kizima kilisaidia kuezeka upya paa la shule, na mkaguzi wa shule akaja kutoka Shinyanga mjini kuliona. Baada ya chakula cha mchana wageni walikaa kwenye madawati yaliyopangwa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa: mkaguzi, mwenyekiti wa kijiji, wazee kama kumi, na mimi kando ya mkaguzi, shati limepigwa pasi. Pombe ilikuwa ya Mpishi. Tulikwisha kunywa uwele na mtama mweupe, na nilikuwa nimemwelezea mkaguzi kila kata, kwa sauti ya kusikika na wote, kama vile nilizipika mimi. Mtu aliyekuwa anajisikia siku ile alikuwa mimi.

Ndipo alipoleta mtungi wa tatu. Ulikuwa mpya. Alikuwa amechanganya mtama mwekundu na asali yangu ya Ushirombo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya pale, na alikuwa amenificha kwa wiki mbili ili nikionje siku ile pamoja na wakubwa wangu. Niliona jinsi alivyousikiliza akitabasamu. Alisimama, akainua kata, akanywa. Funda lilikuwa dogo. Jino lilikuwa linamuuma tangu Jumapili, mimi nilijua, nilimpelekea karafuu mwenyewe.

Na mimi, nikitaka mkaguzi aone jinsi nilivyozoeana na watu, nikainua kidole na kupaza ile sauti ya darasani: "Rudia, mayu! Hilo funda gani hilo? Rudia!"

Nilicheka peke yangu. Mkaguzi alinitazama. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja aliyemzika mjukuu wake wiki tatu kabla, mtoto aliyeumwa tumbo siku mbili akafariki, na mzee huyo alimtazama Mpishi machoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu alichokuwa akikitafuta.

Mpishi aliteka kata nyingine, imejaa, akainywa yote bila kupumua huku ametuelekea. Akajifuta mdomo. Akateka tena, akanipa mimi kwanza.

Neno lilinitoka kwa utani, na hilo naweza kulibeba. Siwezi kubeba kilichofuata. Kata ilikuwa mkononi mwangu. Ningekunywa, mambo yangeishia hapo. Wangecheka, wangesema mwalimu na Mpishi wana utani wao, na mzee yule angekunywa baada yangu. Harufu ya pombe ilikuwa inanifikia puani, asali na kitu kama mkate. Lakini mzee alikuwa ameweka kata yake tupu chini, polepole, kwenye mchanga. Aliyekuwa karibu naye akaweka yake. Mkaguzi alisema ana vidonda vya tumbo. Nikaona watu wote wanatazama nitafanya nini, nikaogopa. Sijui niliogopa nini. Pombe sikuiogopa, naapa. Niliogopa kuwa upande wake.

"Nimeshiba, mayu," nilisema, nikaweka kata chini.

Mtungi ule wa tatu ulirudi uani kwake karibu umejaa. Wiki iliyofuata magogo yalikuwa matupu, na wiki iliyofuata tena asubuhi moja tulikuta mitungi mitatu kati ya mitano imepasuliwa kwa mawe. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye wasiwasi, aliita baraza ili yaishe. Aliniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, wewe ni msomi, na ni wewe uliyesema. Uliona nini hata ukamwambia mama arudie?"

Mpishi alikuwa amekaa chini na wanawake, miguu ameinyoosha, ameosha uso. Alinitazama bila hasira. Nadhani alikuwa na hakika nitasema. Ilikuwa ni kusema tu: nilikuwa namtania, yeye mwenyewe hunitania hivyo, muulizeni mtu yeyote wa uani. Lakini mkaguzi alikuwa ameandika kwenye ripoti yake kwamba walimu wanalewa na wanavijiji, na nilikuwa nangoja kupandishwa daraja, na kukiri kwamba siku zote nilikuwa uani kwake kulionekana kwangu ni kukiri kosa. Nikajibu, "Sikumbuki vizuri, mwenyekiti. Nilikuwa nimekunywa."

Mpishi aliinamisha kichwa kama kanisani. Mwenyekiti aliahirisha baraza.

Siku tatu baadaye mwana wa Mpishi alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua. Nilikuwa darasani na nilimwona kupitia minyaa akipakia mitungi miwili iliyobaki, ameizungushia magunia ya kimea. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti na mmoja akakosea. Nilifungua mdomo na lile neno halikutoka. Nilisema, "Soma tena." Nilifundisha miaka thelathini na moja baada ya hapo, na wanafunzi wangu watawaambia kwamba sikulitumia tena. Wengine walidhani ni mbinu ya ualimu.

Watu waliniuliza kwa nini sikumtafuta. Hapana, nasema uongo, hakuna aliyeniuliza. Ni mimi niliyejiuliza, na jibu lilikuwa kwamba nilikuwa nangoja kwanza aibu ipungue. Nilipandishwa daraja. Nilihamishwa, nikaoa, nikawa mwalimu mkuu. Kila kiangazi, vumbi likianza, nilikuwa nahisi ile harufu ya asali na mkate ambayo sikuionja, na nilikuwa nageuka kama mtu aliyeitwa.

Nilimwona mara moja zaidi, miaka kumi na kitu baadaye. Nilikuwa nakwenda kwetu likizo, lori likaharibika Masumbwe, saa sita mchana, jua limesimama. Dereva alisema tutafute kivuli. Dhahabu ilikuwa imeonekana huko pembezoni na mji ulijaa wachimbaji, vijana wenye udongo mpaka kwenye kope, wametoka kwenye maduara yao, mashimo ya kuchimbia, kupumzika. Niliwafuata nyuma ya nyumba moja ya udongo kwa sababu nilisikia mmoja akiita, "Mara Mbili! Leo kuna ya asali?" Nikadhani ni mchezo wa namba.

Ukutani palikuwa na mitungi mitano.

Alikuwa amezeeka sana. Mgongo ulikuwa umeinama na macho yalikuwa mekundu kuliko zamani, na wale vijana walimzunguka bila kuyajali hata kidogo. Wenyewe macho yao yalikuwa mekundu kwa vumbi la mawe. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu."

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanawane. Umekula?"

Nikasema nimekula. Alinitazama tumboni, akanipa matobolwa, nikayatafuna yote nimesimama. Kisha akanianzisha na uwele, kama inavyotakiwa, halafu mtama mweupe, na kila mara aliinua kata, akanywa funda moja, akangoja, akanywa la pili, ndipo akampa mtu. Kila kata, kila mtu. Vijana walikuwa wamezoea, wananyoosha mkono baada ya funda la pili bila kutazama. Nilipoelewa jina lile lilikotoka, nikakaa juu ya gogo.

Mtungi wa mwisho ulikuwa ule. Niliujua kwa harufu. Alipoteka niliinuka haraka nikashika kata kabla haijafika mdomoni kwake. "Usionje, mayu," nilisema. "Mimi usinionjee. Nipe tu."

Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu bado.

"Hapa kwangu lazima nionje," alisema taratibu, kama anayemweleza mgeni. Akanywa. Akangoja. Akanitazama machoni, akanywa tena, akanipa.

Ilikuwa pombe bora kuliko zote nilizowahi kunywa. Mtama ulikuja kwanza, mchachu, ukajaa mdomo mzima, na asali haikuonekana mpaka umeshameza. Nilinywa nikamaliza. Nilitaka aniulize maji ya wapi. Hakuniuliza. Alikwenda kwenye mtungi uliokuwa bado, akapiga magoti kwa shida, akaondoa ungo, akalaza sikio la kushoto juu ya mdomo wake, na mkono wake ukanyooka kutuelekea. Wachimbaji wote wakanyamaza.

Katika kimya kile yule kijana aliyekuwa ameita akanisogelea, akaninong'oneza: "Mzee, naona unafahamiana na bibi. Hivi kwa nini anaonja mara mbili? Sisi tukimuuliza anacheka tu."

Yalikuwa maneno manne: "Mimi ndiye niliyemwambia arudie." Nilikuwa nimeyabeba miaka yote ile, na yalikuwa tayari ulimini, pamoja na ladha ya asali yangu.

"Sijui," nilisema.

Aliinua kichwa kutoka kwenye mtungi, akaurudisha ungo mahali pake.

"Bado," alisema.